Mafuriko ya Mathare, ile elfu kumi, na mambo ya orodha ambayo hakuna mtu hukuambia

Niseme kwanza, mimi si mfanyikazi wa shirika lolote na hakuna mtu amenituma. Nilikuwa naishi Mathare hapa Nairobi, zile nyumba za mabati za chini kabisa pale ukifungua mlango unaona mto, na kazi yangu ilikuwa chapati na maharagwe kando ya barabara. Usiku wa 23 kuamkia 24 Aprili 2024 maji yakaingia tukatoka na watoto na nguo za mwilini basi. Huo usiku sitaki kuuandika sana, umeshaonekana kwa video nyingi. Nataka kuandika kilichofuata, ile elfu kumi ya serikali na ile miezi ya kupanga foleni, kuandikwa, kufutwa, kuandikwa tena, kwa sababu hapo ndipo watu wengi walipotelea na kamera zilikuwa zimeshaenda.

Msaada unafuata jina lililoandikwa. Unaweza kuwa umepoteza kila kitu, na kama jina lako halipo, ama lipo lakini limeandikwa vibaya, yule wa kugawa hana vile atakusaidia hata kama anakuona umesimama mbele yake na mtoto mgongoni. Nilikuwa nalijua hili tangu nikiwa msichana na nilijulia kwa mamangu.

Sisi kwetu ni Burnt Forest, kule Bonde la Ufa. Januari 2008, baada ya ule uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zake, mamangu alitutoa huko juu ya lori la viazi tukashuka Nakuru. Wengi wa wale tulioshuka nao walienda Showground, uwanja wa maonyesho, wakapewa hema. Mamangu alikuwa na dada yake Kaptembwa, chumba kimoja tu, akasema yeye hawezi kulala kwa hema na ana ndugu mjini, ingekuwa aibu. Kwa hivyo tukalala huko, watu tisa kwa chumba, tunakula unga wa mama mdogo hadi akaanza kunyamaza tukikaa mezani. Mei ya mwaka huo ikaja Operesheni Rudi Nyumbani, watu wakaanza kupewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa wale nyumba zao zilichomwa. Mamangu akaenda. Akaulizwa uko kempu gani? Hakuna kempu. Basi hakuna jina.

Waliohama mwaka huo walikuwa zaidi ya 600,000 na karibu nusu yao walikuwa kama sisi, kwa jamaa ama kwa nyumba za kupanga, na wakapewa hata jina lao, intigreti. Bunge ilikuja kupitisha sheria ya wakimbizi wa ndani 2012, ikasema mtu aliyehamishwa ni aliyehamishwa, awe kwa hema ama kwa shangazi yake. Lakini 2012 ni mbali na 2008, na ukiwa na watoto watatu miaka minne ni mingi. Mamangu ana mfuko wa nailoni wa fotokopi hadi leo, barua ya chifu, barua ya kanisa, karatasi ya shamba, ofisi hii inamtuma kwa ile na ile inamrudisha kwa hii. Simlaumu hata kidogo, nani angejua kwamba kulala kwa dada yako ni kosa?

Ndio maana hiyo asubuhi ya Aprili, kabla hata sijajua watoto watakula nini, kitu cha kwanza nilitafuta ni mtu mwenye kalamu.

Sasa hapa sikilizeni vizuri kwa sababu watu hudhani kuna orodha moja. Hakuna orodha moja. Mzee wa kijiji alikuwa na yake kwa daftari la shule, chifu alikuwa na yake, Red Cross wakaja na yao wanaandika kwa simu, kanisa lilikuwa na yake, na wanasiasa nao kila mmoja ana kijana wake anaandika majina na namba za simu na hakuna anayejua hizo zilienda wapi (mimi nadhani zilienda kwa kura, lakini hiyo ni yangu). Hizi orodha hazisalimiani. Kuandikwa kwa ya mzee hakumaanishi chifu anakujua, na kuandikwa kwa ya chifu hakumaanishi utapata blanketi ya Red Cross. Jirani yangu mmoja aliandikwa siku ya kwanza kwa daftari la mzee akarudi kukaa, kila akisikia watu wanaandikwa anasema mimi nilishaandikwa, hadi magodoro yakaja na yakaisha.

Kwa hivyo mtu akija na fomu ama simu ama karatasi yoyote muulize maswali matatu bila kuogopa: hii orodha ni ya nini, inapelekwa wapi, na nikitaka kujua kama jina langu liko nitamuuliza nani. Voluntia wa kweli atakujibu. Yule atakuambia wewe mama andika tu usisumbue, huyo andika lakini usimngojee. Na piga picha ya ile mstari wako kama wanakubali, ama chukua namba ile unapewa, hata kama imeandikwa tu kwa kiganja uihamishe mahali pengine kabla haijafutika na jasho.

Pale mezani penyewe wacha niwaonyeshe kulivyokuwa kwa sababu ni dakika chache tu na ndizo zinaamua. Ni darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, watu wamelala kwa mikeka na wengine wamesimama. Msichana mmoja mdogo, nadhani ndio amemaliza koleji, ana simu mkononi. Jina? Namba ya kitambulisho? Namba ya simu? Mko wangapi kwa nyumba? Basi. Lakini kabla aniache akaniambia mama hebu subiri, akaangalia lile jina linalotokea ukitaka kutuma pesa kwa namba, akalisoma kwa sauti. Likatoka jina langu. Yule mama aliyekuwa nyuma yangu, yake ikatoka jina la mwanaume. Ilikuwa laini aliyosajiliwa na ndugu yake miaka ile, huyo ndugu alishaenda zake Saudia. Msichana akamwambia mama hii itakataa, jina la kitambulisho na jina la laini lazima ziwe moja. Yule mama akaanza kupiga kelele kwamba amekuwa akitumiwa pesa kwa hiyo namba miaka yote. Na ni kweli, mtu binafsi akikutumia inaingia. Lakini pesa za mradi zinalinganishwa majina kwanza, na jina likikosana unawekwa kando wanaendelea na wengine, wala hakuna mtu atakupigia kukuambia.

Hiyo ya laini ndiyo imeangusha watu wengi kuliko kitu kingine chochote niliona, na ni kitu unaweza kurekebisha leo ukiwa umekaa kwako bila mafuriko yoyote. Nenda dukani na kitambulisho laini iandikwe jina lako. Kama umeolewa na simu ya nyumba ni ya mzee na mzee anafanya mjengo Kitengela, basi jua hela ikija itaingia Kitengela. Kuna mama aliandikisha namba ya bwanake kwa heshima, si kwa ubaya, na bwana akapata zile pesa akiwa mbali akalipa deni lake la huko. Walikosana vibaya sana na mimi sitaki kusema nani alikuwa na makosa, lakini watoto walikuwa na mama, mama alikuwa shuleni kwa sakafu, na pesa zilikuwa Kitengela.

Na kuna ile nyingine ya mkopo wa laini. Wale mnaokopa kwa simu pesa ikipungua ya kununua unga mnajua ile deni hujikata yenyewe kitu chochote kikiingia. Sasa fikiria umetumiwa msaada na ulikuwa na deni. Inaingia na hapo hapo inakatwa, unabaki unaangalia meseji. Niliona mzee mmoja wa kiume analia mbele ya watu kwa sababu hiyo. Ukiona uko kwa orodha na una hilo deni, bora ujikaze ulilipe polepole kabla, ama uandikishe laini nyingine iliyo kwa jina lako isiyo na deni. Hii hakuna shirika litakuambia kwa sababu wengi wao hawakopi unga kwa simu.

Kitambulisho kikienda na maji fanya haraka, polisi wakupe abstrakti, alafu uende ukaombe kingine, na ile karatasi ya kungojea uitunze kama mboni kwa sababu sehemu nyingi wataikubali pamoja na kopi. Kopi utaitoa wapi kama kila kitu kimeenda? Hapo ndio nawaambia, piga picha kitambulisho mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki, jitumie mwenyewe, mtumie na dada yako wa mbali. Mimi nilikuwa nimemtumia mamangu picha za vyote, yule mama wa mfuko wa nailoni alikuwa ananisumbua kila Disemba nitume, nikawa naona ni uoga wa wazee. Ulinisaidia.

Kuhusu ile "mko wangapi". Watu wanagombana sana hapo. Kwa mashirika nyumba moja ni watu wanaokula chungu kimoja. Sasa sisi Mathare chumba kimoja kina shosho (nyanya), binti yake na watoto, alafu binti mwingine na mtoto wake anajipikia kwa jiko lake pale mlangoni. Wakiuliza nyumba ngapi, mzee wa kijiji anasema moja, mlango ni mmoja. Wale madada wanasema ni mbili. Mimi naona kama mnapika tofauti semeni ukweli huo mapema, mbele ya mzee, kabla ya kuandikwa, kwa sababu ukienda kusema baadaye unaonekana mwongo anayetaka mara mbili. Na wale waliokuwa wanasema tatu kumbe ni moja waliumbuka kwa baraza majina yaliposomwa, watu wa ploti yenu wanawajua jamani, mtadanganya nani.

Chakula. Siku za kwanza nilisikia watu wengine kwa redio wanasema eti maskini wapewe pesa taslimu ndio heshima. Nakubaliana nao lakini si siku ya kwanza. Siku ya kwanza huna jiko, huna sufuria, huna maji safi, na duka la karibu nalo limejaa matope. Wale walituletea githeri imepikwa, moto, wakagawa na mwiko, hao ndio walituelewa. Unga uliokuja kwa lori ukashushwa na vijana wenye nguvu ukaisha kabla akina mama wafike, na siku mbili baadaye unauzwa bei ya chini kule juu. Blanketi vilevile. Usimcheke mtu anayeuza blanketi ya msaada, mara nyingi anatafuta nauli ama dawa ya mtoto. Baadaye sasa, mkishatulia, pesa ni bora mara mia, kwa sababu mimi nilihitaji karai na kibao cha chapati na hakuna lori linaleta karai.

Tarehe 6 Mei Rais Ruto akakuja Mathare akasema kila familia itapewa 10,000 ya kutafuta mahali pengine, kwa sababu serikali ilikuwa imeamua nyumba zote zilizo ndani ya mita 30 kutoka mtoni zitoke. Na tingatinga zikaja kweli. Kuna watu ambao maji hayakuwafikia lakini tingatinga ziliwafikia. Wakati huohuo sisi wa shuleni tulikuwa na shida nyingine, shule zilikuwa zifunguliwe 29 Aprili ikasukumwa wiki moja, ikasukumwa tena, mwishowe ikawa 13 Mei, na shule zikifunguliwa nyinyi mnaolala darasani mnaenda wapi? Kumbukeni hilo, darasa lina mwisho wake. Ukifika tu anza kuuliza bei za nyumba.

Na hapa kwa ile elfu kumi ndipo palitokea vita ya wenye ploti na wapangaji. Mwenye ploti amejenga vyumba kumi na mbili vya mabati kando ya mto, yeye mwenyewe anaishi mtaa mwingine kabisa, lakini siku ya kuandikwa amekuja na anasema yeye ndiye amepoteza. Ni kweli amepoteza mabati. Lakini pesa ilikuwa ya mtu kutafuta pa kulala, na yeye alikuwa analala kwake. Kuna mahali majina ya wenye ploti na jamaa zao yaliingia na wapangaji wakakosa, na kuna mahali wapangaji walisimama imara wakaja na majirani wa kushuhudia. Ushahidi wa mpangaji ni nini, hatuna mkataba wala risiti? Meseji za M-Pesa za kodi. Nilikuwa nalipa kwa simu, nikaonyesha miezi mingi mfululizo, hakuna mtu alinibishia. Aliyekuwa analipa mkononi alibaki kumtegemea mwenye ploti amkubali, na wengine hawakukubaliwa kwa sababu walikuwa na madeni ya kodi. Lipa kwa simu, ada ni ndogo kuliko hasara hiyo.

Pia kulikuwa na wale wa ya chai. Mtu anakuja jioni anasema jina lako liko chini sana, ukitoa kitu kidogo nitalipandisha. Orodha ya kompyuta haina juu na chini kama foleni ya maji, hiyo pesa unampa tu. Niliona watu wakitoa mia tano tano na kuna mmoja alitoa elfu. Ukiwa na malalamiko kama hayo usiende kumsema kwa mzee wa kijiji kama unadhani wanakula pamoja, uliza shirika lenyewe namba yao ya malalamiko ya bure, wengi huwa nayo na huwa imebandikwa mahali hakuna mtu anasoma. Nilipiga mara moja kwa niaba ya shosho mmoja anayepata ile elfu mbili ya Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa pesa za wazee, kila mwezi, alikuwa ameambiwa na mtu eti kwa sababu anapata hiyo hawezi kuandikwa kwa mafuriko. Wakasema huo ni uongo, aandikwe. Shosho hangejua, na yule aliyemwambia hivyo sijui alikuwa anafaidika na nini, pengine alikuwa tu anajifanya anajua.

Elfu kumi hufanya nini, wacha niandike vile ilikuwa kwangu bila kuficha. Nilikuwa nalipa 2,500 kwa mabati. Chumba cha mawe kule juu Huruma, ghorofa ya tatu, choo cha kushiriki, 4,500. Mwenye nyumba anataka mwezi wa kwanza na dipoziti, hiyo ni 9,000. Ada ya kutoa pesa ikaenda na zaidi ya mia. Mkokoteni wa kubeba ndoo, mikeka na godoro moja nililokuwa nimepewa, 300. Nikabaki na mia tano na kitu, na sina jiko, sina mtaji, na mwezi ujao kodi ni karibu mara mbili ya ile nimezoea. Kwa hivyo mtu akikuambia ulipewa elfu kumi na bado unalia, mpe hiyo hesabu aisome. Mwezi wa pili nilichelewesha kodi na nikafungiwa nyumba na kufuli, na watoto wakarudi kutoka shule wakakaa kwa ngazi hadi usiku. Hiyo iliniuma kuliko maji. Maji ni ya Mungu, kufuli ni ya mtu.

Watoto. Yule mdogo alikuwa anaamka mvua ikigonga anashika viatu vyake. Hata kwa ghorofa. Nilidhani itaisha yenyewe, haikuisha haraka. Red Cross wana watu wa kuongea na watoto na hata na sisi wakubwa, na wana ile namba yao ya bure 1199. Mimi nilikuwa naona ni mambo ya watu wenye nafasi. Kama mwanao anakojoa kitandani na alikuwa ameacha, ama amekuwa kimya sana, mpeleke aongee, hakuna malipo.

Sasa mambo ya kujijenga, maana wengi huuliza hapo ulitokaje. Miezi kadhaa baadaye kulikuja mradi wa shirika fulani, sitalitaja, wa kusaidia akina mama waliohamishwa kuanzisha biashara. Mazuri yalikuwa mengi na ujinga pia ulikuwepo. Ujinga kwanza. Walikuja na mwalimu wa kufuga kuku. Sisi tuko ghorofa ya tatu na ya nne, chumba kimoja, watu watano. Mama mmoja akauliza kuku watalala juu ya kitanda ama chini, tukacheka hadi mwalimu mwenyewe akacheka, lakini mafunzo yaliendelea hadi jioni kwa sababu yalikuwa yamepangwa. Na kundi lingine lilipewa cherehani moja kwa akina mama kumi. Moja! Iko kwa nyumba ya mwenyekiti, akina mama tisa hawasalimiani naye. Mkiulizwa mnataka nini semeni hapohapo kila mtu chake hata kama ni kidogo, kitu cha kundi zima hukaa kwa mwenye nguvu.

Lililo zuri ni kwamba kabla ya kutoa pesa walitufundisha ile ya sanduku. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na anayetunza sanduku hana ufunguo. Mnakutana kila wiki, mnanunua hisa, zinahesabiwa mbele ya wote kwa sauti, mnakopeshana, na kuna mfuko mdogo wa pembeni wa ugonjwa na matanga. Mwisho wa mwaka mnagawana kila mtu kwa hisa zake mnaanza upya. Tuliambiwa hii ilianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka wa 1991, kwa akina mama wa vijijini, na sasa iko kila mahali Afrika. Tofauti yake na chama chetu cha kuzungusha ni kwamba ukipatwa na shida huhitaji kungoja zamu yako. Ile kufuli ya mwenye nyumba niliyosema, mara ya pili ilipotaka kuwekwa nilikopa kwa sanduku nikalipa siku hiyohiyo.

Pesa za biashara walitupa kwa awamu mbili. Ya kwanza ikaingia tukanunua vitu, wakaja kuangalia, ndipo ya pili ikaingia. Watu walilalamika sana wakaona ni kudharauliwa, mimi niliona ni sawa, kwa sababu kodi na karo zinapiga hodi siku hiyohiyo pesa imeingia na ukijua kuna awamu ya pili inayotegemea karai, unanunua karai. Nilinunua karai, jiko la makaa, unga bela mbili na mafuta. Sikurudi mahali pangu pa zamani kwa sababu hapapo tena. Nilianza upya karibu na steji, wateja wengine, na ilichukua muda mrefu kabla mtu aseme nipe zile chapati zako badala ya nipe chapati.

Kitu kingine, miradi huisha. Wanakuja na kofia na fulana na siku moja hawaji. Waulize mapema, mradi unaisha lini, na nani atabaki na orodha yetu, na tukiwa na shida ya kundi tutampigia nani. Sisi tuliuliza na kumbe tarehe ilikuwa karibu kuliko tulivyodhani, tukapata nafasi ya kuandikisha kundi letu rasmi kwa ofisi ya huduma za jamii wakati bado wapo wa kutusaidia na katiba na zile fomu. Kundi lenye cheti linaweza kufungua akaunti na kuomba mikopo ya makundi. Makundi mawili ya jirani hayakuandikisha na yalivunjika, sanduku moja likaishia kwa mume wa mtu.

Wa mwisho ni yule jirani yangu wa magodoro. Elfu kumi aliipata, jina lake lilikuwa sawa, laini sawa. Akarudi mtoni, upande ule mwingine, kwa mabati mapya yaliyojengwa karibu palepale, kodi 2,000. Watu wanamsema sana. Mimi nilienda kumtembelea nikamuuliza, akaniambia dada, kule juu ni 4,500 na mimi nafua nguo za watu, nikiwa juu kufika kwa wateja ni nauli na nikiwa chini natembea. Nilimuandikia tu hesabu yake kwa karatasi, kodi na nauli pande zote mbili, na kweli kwake ya chini ilikuwa na nafuu. Nilichomuomba ni apige picha kitambulisho chake anitumie, laini ibaki kwa jina lake, na alale na viatu karibu na mlango miezi ya Aprili na Mei. Picha amenitumia.